Valvu Zinazokwama katika Injini ya Ndege Ndogo

Huenda mkauliza: mtoto wa Mkomani na injini za ndege, wapi na wapi? Ni kweli mji wetu ni wa punda na mashua. Lakini mgonjwa akizidiwa tunavuka naye hadi Manda, na kutoka pale ni ndege. Basi injini ile inatuhusu.

Kwanza tutenganishe. Cessna Caravan, ambayo tunaiona sana Manda, ina injini ya tabo na hunywa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Ugonjwa huu si wake. Ni wa ndege ndogo zaidi zenye pistoni, kama Cessna 172 wanazojifunzia marubani uwanja wa Wilson, Nairobi. Nyingi kati ya hizo zina injini ya Lycoming ya silinda nne, na kila silinda ina valvu mbili: moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi.

Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,200, yaani mara 20 kila sekunde. Si mchezo! Shina la valvu hupanda na kushuka ndani ya kijibomba cha chuma, mfano wa jambia ndani ya ala, nami nitakiita ala. Nafasi baina ya shina na ala ni nyembamba mno, ya kukisiwa kwa unywele. Inayoteseka zaidi ni valvu ya moshi. Oili inayofika pale huungua ikaacha masizi magumu. Tena petroli ya ndege iitwayo 100LL ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, nayo huacha uchafu wake. (Injini za dizeli za mashua zetu zina valvu pia, ila mafuta yenye risasi hazinywi.) Uchafu ukizidi, shina hukwama.

Dalili yake ina hila. Asubuhi injini ikiwa baridi huwashwa ikatetemeka kama mwenye homa, kwa sababu silinda moja haifanyi kazi. Baada ya dakika moja au mbili inatulia, inanguruma vizuri. Mafundi wa Kizungu huiita kwa jina lile lile la kichefuchefu cha asubuhi cha mama mjamzito. Hapo ndipo watu hudanganyika. Abiria wamekwisha kupanda, saa imefika, rubani anasema aa, imepona, twende. Kumbe haijapona! Joto limeilegeza valvu tu, masizi yako pale pale, na siku nyingine itakwama hewani. Ikikwama wazi, silinda ile imekufa. Ikikwama imefungwa, ufito unaoisukuma hupinda. Na chini ni bahari. Kwangu mimi, rubani anayezima injini asubuhi hiyo akaita fundi ndiye hodari, hata abiria wakimnung'unikia.

Fundi naye si lazima ang'oe silinda. Uko ujanja wa kamba, ambao ulinifurahisha kwani kamba sisi tunaijua. Magneto zikiwa zimezimwa na plagi zimetolewa, fundi huingiza kamba safi ya nailoni kupitia tundu la plagi, akiacha ncha nje. Kisha huzungusha panga la ndege kwa mkono polepole, pistoni ipande iikandamize kamba, na kamba iishikilie valvu isianguke ndani. Sasa anaweza kutoa springi na vibanio vyake. Halafu hushusha pistoni, huvuta kamba, na kulisukuma shina litoke katika ala. Ala husafishwa kwa rima, chuma chenye makali marefu kinachozungushwa kwa mkono. Rima hupakwa grisi ili masizi yanate humo yasimwagikie ndani ya silinda. Kazi ngumu ni kulirudisha shina katika ala kwa kulivua kupitia tundu la plagi. Nadhani mvuvi angeiweza. Kisha kamba huingia tena, na springi hurudi mahali pake.

Kinga yake ni oili safi. Lycoming hutaka oili ibadilishwe kila saa 50 za kuruka kama injini ina chujio kamili, au saa 25 kama ina wavu tu. Na hata ndege isipofikisha saa hizo, miezi minne ikitimia oili ile humwagwa.