Buibui Mla Mbu

Bwenini kwetu hapa Unguja wamo buibui warukao. Hawanasi kwa utando. Buibui wa namna hii huliona windo lake, hulinyemelea, kisha hulirukia. Ana macho manane, na mawili makubwa ya mbele huona vizuri mno.

Mwaka 2003 wataalamu Wanda Wesołowska na Robert Jackson walitangaza aina mpya iliyopatikana Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Kabla ya kutangazwa, buibui mpya hupimwa, huchorwa, na viungo vyake vya uzazi hulinganishwa na vya jamaa zake kwa hadubini. Huyu alipewa jina Evarcha culicivora, maana yake mla mbu.

Mwaka 2005 ikabainika kwamba hupenda zaidi mbu jike aliyeshiba damu. Hivyo hupata damu yetu bila ya kutuuma. Na mbu jike wa anofelesi ndiye aenezaye malaria.

Kumbe alikaa kutani mwa nyumba za watu, wala hana jina katika vitabu! Basi, wenzangu, vyandarua tusiviache, lakini kabla ya kuinua ufagio tumtazame vyema yule tunayetaka kumfagia.

Mwanafunzi, Kidato cha IV