Dondoo muhimu: Ujumbe wa simu kwenye kishikwambi

Kwa waongoza watalii wa Karatu, ujumbe mfupi wa kawaida hufuata laini, ilhali wa WhatsApp hupitia intaneti. Kila aina huunganishwa na kishikwambi kwa utaratibu wake.

• Ujumbe wa kawaida. Programu ya Google Messages huunganishwa kwa kuskani msimbo wa QR, yaani mchoro wa vimraba unaosomwa na kamera, lakini kwa njia hii kishikwambi huonesha tu kilichomo kwenye simu, hivyo simu ikizimwa au ikikosa intaneti, hakuna kipya kitakachoonekana.

• Safari ya kreta. Kwa kuwa mtandao unaweza kukatika baada ya lango la Lodoare, ni busara laini ya ofisi ibaki Karatu kwenye simu yenye chaji na bando, na dereva atumie laini nyingine.

• WhatsApp. Akaunti huruhusu hadi vifaa 4 vya ziada, ambavyo hupokea ujumbe hata simu ikiwa imezimwa, ila huondolewa simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14.

• Usalama. Kishikwambi cha mapokezi kinachotumiwa na wengi kisiunganishwe na laini yenye M-Pesa au Airtel Money, kwa sababu namba za uthibitisho zitaonekana na kila anayekishika. Ujumbe wa kitapeli utumwe 15040, namba ya kupokea taarifa za utapeli nchini.