Baiskeli ya Umeme: Matumizi Yake, Utunzaji Wake na Kuzijua Ila Zake



Katika miezi hii wametujia ofisini wanachama kadhaa kutuuliza khabari za baiskeli za umeme. Wengine wamekwisha kuzinunua, na wengine wataka kununua kabla ya msimu. Swali lao ni moja: je, chombo hiki chamfaa mkulima wa karafuu, au ni pambo la mjini? Jawabu letu ni kuwa chafaa, na chafaa khasa katika kisiwa chetu cha Pemba chenye vilima na mabonde, ambako mtu huteremka kwa raha dakika mbili kisha akaisukuma baiskeli kwa miguu robo saa. Lakini kina kitu kimoja ambacho baiskeli zetu za zamani hazikuwa nacho, nacho ni betri. Na betri si kama mnyororo au tairi, kwani yaweza kufa hali imekaa kitako bila ya kutumika. Sisi tumelijua hilo kwa fedha, na fedha zenyewe zilikuwa zenu. Yafaa tulieleze kwanza kabla ya mengine.

Ofisi ilinunua baiskeli moja ya umeme kwa ajili ya kuzungukia makambi ya wachumaji na kupeleka barua. Msimu mzima ilifanya kazi vyema. Siku ya mwisho tulirudi nayo jioni, taa ya betri imebakia kijicho kimoja tu, tukaiegemeza stoo nyuma ya majamvi na magunia matupu, tukafunga mlango. Tulidhani tumeipumzisha. Ikakaa hivyo miezi saba. Tulipoitoa na kubonyeza swichi, kioo cha usukani hakikuwaka. Tukatia chaja, na taa ya chaja ikawa kijani papo hapo, nasi tukafurahi kwa kudhani kuwa betri imejaa. Kumbe taa ya kijani maana yake ni kwamba umeme haupiti tu, na umeme hukosa kupita kwa moja katika mambo mawili: ama betri imeshiba, ama imekataa kula.

Fundi aliipima akakuta volti 19. Betri yetu ni ya volti 36, na haifai kushuka chini ya 30. Bei ya betri mpya ilikaribia nusu ya bei ya baiskeli nzima, na tulilazimika kulisema jambo hilo mbele ya kamati. Hatukutafuta wa kumlaumu, maana kosa lilikuwa la ofisi.

Sasa sababu yake. Betri nyingi za baiskeli hizi ni za lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Ndani ya kasha hamna betri moja, bali mna vijibetri vingi mfano wa betri za tochi, vimeungwa pamoja. Katika betri ya volti 36 vimepangwa safu kumi, na kila safu ikijaa huwa na volti 4.2, kwa hivyo betri nzima ikijaa husoma 42. Ikifika nusu husoma 37 hivi. Ikifika 30 imekwisha. Kwa betri ya volti 48, ambayo ina safu 13, hesabu ni 54.6 ikijaa, 48 ikiwa nusu, na 39 ikiwa tupu. Pamoja na vijibetri mna kibao kidogo cha ulinzi, ambacho hukata umeme betri ikizidi kujaa, ikizidi kushuka, au ikivutwa kwa nguvu mno. Kibao hicho chenyewe hula umeme kidogo kidogo mchana na usiku. Betri iliyowekwa na akiba ya kutosha haisikii ulaji huo. Iliyowekwa tupu humalizwa nao.

Alitokea kijana mmoja akasema aweza kuiamsha betri yetu kwa kupitisha umeme pembeni ya kibao. Twasikia wako wengine wafanyao kazi hii, na twawaomba wanachama wasiikubali. Kijibetri kilichoshuka sana, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na kikitiwa umeme tena shaba ile hujijenga mahali si pake, ikaunganisha pande mbili zisizotakiwa kukutana. Chaweza kukubali chaji leo, kikashika moto wiki ijayo kikiwa chumbani. Ya kwetu tuliitoa katika kazi moja kwa moja.

Basi, msimu ukiisha fanya hivi. Ijaze betri mpaka nusu au kupita kidogo, isisome chini ya volti 37 wala isijae kabisa, kwani kukaa imejaa miezi mingi pia huichakaza. Itoe katika baiskeli, iweke ndani mahali pakavu pasipopigwa na jua, mbali na mabati yanayopika mchana. Kila mwezi mmoja au miwili itazame, na ikiwa imeshuka iongeze. Karafuu haziji sawasawa kila mwaka, nasi twajua msimu mdogo huifanya baiskeli ikae kuliko tulivyokusudia. Andika tarehe ya kuitazama kwenye ukuta wa stoo kama uandikavyo hesabu ya pishi. Mwenye baiskeli ya betri za risasi, zile nzito kama za gari, kwake mambo ni kinyume: yeye azijaze kabisa kabla ya kuziweka, na asiziache tupu hata siku chache.

Mtu huuliza, itanifikisha wapi? Hesabu yake ni nyepesi. Tazama maandishi ya betri, zidisha volti kwa amperi-saa. Volti 36 mara 10 ni wati-saa 360. Kwa njia tambarare na mtu mwepesi anayepiga pedeli mwenyewe, kilomita moja hula wati-saa 10 hivi. Kwa vilima vyetu na mzigo wa kiasi, weka 15 au zaidi. Kwa hivyo betri hiyo itakupa kilomita 24 za kwetu, labda 30 ukiisaidia kwa miguu. Asijidanganye mtu kutoka Chake Chake kwenda Wete na kurudi kwa chaji moja. Wala asidhani kuwa kuteremka mlima kutamjazia betri. Baiskeli nyingi hazina uwezo huo. Kwa upande wa gharama, kuijaza betri kama hiyo hakuli hata nusu ya uniti moja ya umeme.

Katika kuchaji, tumia chaja iliyokuja na baiskeli tu. Chaja ya volti 48 huingia vizuri katika tundu la betri ya 36, na hapo ndipo penye khatari, kwa kuwa kuingia si kufaa. Ukitoka safarini na betri ina joto, iache nusu saa ipoe. Usiiweke juu ya kitanda, wala juu ya magunia, wala mlangoni, ili likitokea la kutokea watu wa nyumba wapate njia ya kutoka. Iweke juu ya sakafu ya saruji, na uichaji watu wakiwa macho. Tunajua wengi huchomeka wakati wa kulala kwa kuwa ndio wakati wa nafasi, lakini chaja ya kawaida huchukua saa tano au sita, na mchana kuna saa nyingi kuliko hizo. Umeme wetu waja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na ukikatika hurudi wakati mwingine kwa kishindo. Ukikatika, chomoa chaja, na ukirudi ngoja kidogo ndipo uchomeke.

Betri iliyovimba, inayonuka dawa, au inayokuwa na moto mkononi bila ya kufanya kazi, isichajiwe tena. Itoe nje ya nyumba. Ikianza kulia kama mvuke na kutoa moshi, usiivute pumzi ya moshi ule kwa kuwa ni sumu; toa watoto kwanza. Moto wa betri haufuatani na kizimia moto kidogo, hupozwa kwa maji mengi, na huweza kuwaka tena baada ya kuonekana umezimika.

Tuje kwenye mzigo. Gunia la karafuu kavu la kilo 50 huonekana jambo dogo kwa aliyezoea baiskeli za chuma za zamani. Lakini tazameni karia ya nyuma: nyingi zimepigwa chapa ya kilo 25. Na baiskeli nzima aghalabu imeandikwa kilo 120 pamoja na mpandaji. Mtu wa kilo 70 akiweka gunia zima amefika mwisho, na karia yake imezidishiwa mara mbili. Kinachovunjika kwanza ni spoki za gurudumu la nyuma, kwa sababu mota nyingi zimo ndani ya kitovu cha gurudumu hilo, nalo labeba uzito wa mota, wa mzigo na wa mtu kwa pamoja. Ligawe gunia mara mbili uende safari mbili, au tia mifuko pande zote mbili iwe chini. Kila wiki za msimu zibonyeze spoki mbili mbili kwa vidole; iliyolegea ikazwe mara moja, kwani ikiachwa huzilegeza jirani zake. Zikaze na nati mbili kubwa za ekseli ya mota. Nati hizo zikilegea, mota huzungusha ekseli badala ya gurudumu na kuzisokota nyaya mpaka zikatike.

Breki huliwa haraka kuliko za baiskeli ya kawaida, maana chombo ni kizito na mwendo ni mkubwa. Zitazame mara kwa mara, na kama ni za sahani usizitie mafuta kabisa. Mnyororo utie mafuta, pumzi ya tairi isipungue. Tairi laini hula betri kama mlima.

Mvua haiiharibu baiskeli hii, lakini usiivushe katika maji yanayofika kwenye kitovu, wala usiioshe kwa mpira wa maji. Itoe betri, pangusa kwa kitambaa kibichi cha maji matamu, kisha ikaushe. Wenzetu wa pwani wafanye hivyo mara nyingi zaidi, kwani chumvi ya upepo huota ukoko wa kijani katika miguu ya shaba ya betri.

Ama ila zake, nyingi si kubwa, na mtu aanze kwa zile zisizo na gharama. Ikiwa kioo hakiwaki kabisa, tazama kama betri imekaa sawasawa na ufunguo umewashwa, kisha miguu yake kama ni misafi, kisha fyuzi. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile, si kwa kipande cha waya.

Ikiwa kioo chawaka na mota haivuti, shuku breki kwanza. Mikono ya breki ina swichi ndogo inayokata mota unapofunga breki, na mkono usiporudi wote, kwa vumbi au kwa waya mkavu, mota huamini kuwa umefunga. Ivute mikono irudi mbele. Ikiwa bado, nyanyua gurudumu la nyuma, chomoa waya wa swichi moja ujaribu, kisha wa pili. Mota ikizunguka umempata mkosaji. Mrekebishe, kisha urudishe waya ule, usiende barabarani bila ya huo. Baada ya breki tazama kisahani chenye sumaku karibu na pedeli. Tope likijaa au kisahani kikisogea, baiskeli haijui kuwa unapiga pedeli. Mwisho tazama maungio ya nyaya. Yana mishale miwili, nayo yapaswa kukutana. Yachomoe, yakaushe, yasukume mpaka mwisho.

Ikivuta katika tambarare na kuzimika mlimani, betri imekaribia kwisha au imechakaa. Punguza msaada wa mota, piga pedeli. Ikifanya hivyo na betri imejaa, safu moja ya vijibetri imedhoofika, na hiyo ni kazi ya fundi wa betri. Mota ikitetemeka na kugugumia bila ya kuzunguka, kagua ungio la waya mnene utokao kwenye ekseli. Likiwa zima, mpelekee fundi. Na kioo kikionyesha nambari ya kosa, iandike kabla ya kuzima, kwani kila mtengenezaji ana nambari zake na fundi ataihitaji.

Ofisi imepata mita ya kupimia volti. Mwanachama atakaye betri yake ipimwe kabla ya msimu aje siku ya Alkhamisi asubuhi, hapana malipo. Aje na betri na chaja yake pia, kwa kuwa katika betri tatu za kwanza tulizopima, moja ilikuwa nzima kabisa na chaja ndiyo iliyokufa.