Jiwe la Shinkolobwe

Wanafunzi wenzetu, tuseme leo juu ya jiwe la kwetu. Shinkolobwe iko kilometa kama 20 tu toka Likasi. Mwaka 1915 Mwingereza Sharp aliona uraniumu pale. Lakini wakati ule walitafuta radiumu iliyo ndani yake, kidogo sana, ya kutibu kansere; tangu 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kiliitoa. Kisha watu wa fizika wakapasua atomu, na mawe yetu yakaingia katika bomu la Hiroshima, 1945. Mwaka 1959 Kinshasa (Léopoldville ya zamani) ikapata reaktere ya kwanza ya Afrika, ya utafiti wa fizika, uganga na kilimo.

Miali ya jiwe lile haionekani wala hainuki, na inapita mfuko. Wadogo zetu, mawe yale ya manjano, mazuri kweli, musilete nyumbani.