TUTENGENEZE HELIKOPTA NDOGO YA KABATINI

Ziko helikopta ndogo za madini ambazo watu huziweka kabatini kama kumbukumbu. Nyingi zimeundwa kwa mchanganyiko wenye zinki. Je, mkia ukivunjika tufanyeje?

Kwanza, usikimbilie kwa mchomeleaji wa jua kali pale Kibuye. Ni hodari, lakini zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, na moto wake unapita hapo mbali. Utarudi na donge! Tumia gundi kali ya mirija miwili. Safisha mafuta, unganisha, funga kwa uzi, ngoja siku nzima.

Pili, mapanga. Kata mapya kutoka mkebe wa bati, yawe sawa kwa urefu na uzito. Usisahau panga dogo la mkiani. Igor Sikorsky aliliweka kwenye helikopta aliyoirusha Marekani mwaka 1939, kwa sababu panga kubwa likizunguka huku, mwili nao hutaka kuzunguka kule.

Tatu, rangi. Hapa ndipo kwetu ubishi ulizuka. Kaka alitaka helikopta ya marehemu babu ing'ae. Nyanya akakataa kabisa, ati rangi ile imelika kwa vidole vya mumewe. Basi tulipaka mapanga mapya tu, samawati kama ziwa, na yale ya zamani tukayatia kwenye bahasha. Hata wakusanyaji huthamini rangi ya kwanza. Geuza kile tu kinachoweza kurudishwa. Kipya kinyemi, naam, lakini ya kale ni dhahabu.