Kuuza Gari Kuukuu na Kubainisha Aibu Zake

Jueni, enyi ndugu, ya kwamba wako watu hivi leo watafutao magari ya zamani yasiyotengenezwa, wapate kuyarejesha katika hali yake ya kwanza. Mtu wa namna hii atalikuta gari bandani mwako halina betri wala tairi zima, naye atalitaka. Basi muuzaji husema moyoni, "Huyu ajua kuwa ni bovu, sina haja ya kumwambia neno." Maneno hayo si sawa.

Tutwae mfano wa Land Rover ya awali, iliyoonyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ni ya alumini, kwani chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Lakini chasisi, ambayo ndiyo mifupa ilichukuayo gari zima, ni ya chuma. Kwa hivyo gari laweza kupendeza machoni na huku chini limeliwa na kutu, khasa likikaa katika hewa ya chumvi ya pwani yetu.

Aibu aliyoiona mnunuzi akaridhika nayo, kama rangi iliyobabuka na viti vilivyoraruka, haina maneno. Ama iliyofichika nawe waijua, ni wajibu kuitaja: chasisi iliyooza chini ya lami, au injini isiyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Na hii ya pili ni kubwa kwake, maana yeye atafuta asili. Wala usipake rangi kufunika kutu: ni ghishi, tena wamharibia kile alichokijia.

Usijikinge kwa kusema, "Nimekuuzia na kila aibu." Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa shuruti hiyo humwokoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua tu, wala si katika gari. Mnunuzi akiona aibu ya kale ipunguzayo thamani, ana khiyari ya kulirudisha, naye asikawie. Na ikiwa amekwisha kulifungua likapata upungufu mpya mkononi mwake kabla ya kujua, hawezi kumlazimisha muuzaji kulipokea. Lakini muuzaji akikataa, atamlipa fedha ya upungufu ule wa kale.

Basi shika taa, umwonyeshe mnunuzi chini ya gari, kisha ndipo mpatane bei. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.