Uwajibikaji wa Viongozi katika Tamthilia ya Kigogo: Hoja na Ushahidi Wake

Katika sehemu iliyotangulia tulichambua wahusika wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Sasa tunaingia katika dhamira ambayo watahini huirudia kwa sura nyingi: uwajibikaji wa viongozi. Swali laweza kuja kama "uongozi mbaya", "haki za raia", "ufisadi" au "nafasi ya umma katika kuleta mabadiliko". Ukiielewa dhamira hii vizuri, maswali hayo yote hayatakutisha.

Malengo ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili uweze:
(a) kueleza maana ya uwajibikaji;
(b) kutaja na kuthibitisha hoja za uwajibikaji na ukosefu wake katika Kigogo;
(c) kuandika aya kamili ya jibu;
(d) kuhusisha ujuzi huo na maisha ya eneo unakotoka.

1. Uwajibikaji ni nini?

Uwajibikaji ni hali ya mtu aliyekabidhiwa mamlaka au mali ya wengine kukubali kuulizwa alivyoitumia, na kutoa jibu linaloweza kuthibitishwa. Angalia sehemu mbili za maana hii. Kwanza, lazima awepo wa kuuliza. Pili, jibu lazima lipimike. Kiongozi anayesema "nimefanya kazi" bila kuonyesha kazi yenyewe hajawajibika.

Tuchukue mfano wa karibu. Ukitoka Sigor, katika eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, uko katika nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ukipanda kuelekea Kericho, mashamba ya majani chai yanatanda pande zote. Mkulima wa huko akifikisha majani yake kituoni haridhiki na neno la karani pekee. Hutazama mizani, huchukua risiti, na mwezi ukiisha hulinganisha risiti zake na malipo. Hamtukani karani wala hamsifu. Anampima. Huo ndio uwajibikaji.

Isitoshe, jambo hili si geni kwa Wakipsigis. Katika kokwet, yaani baraza la ujirani, mzozo ulisikizwa hadharani. Mlalamikaji alieleza, mlalamikiwa akajibu, na wazee wakauliza ushahidi kabla ya kuamua. Kwa hiyo, asije mtu akakuambia kwamba kumuuliza kiongozi ni desturi ya kuigwa.

2. Ukosefu wa uwajibikaji katika Sagamoyo

(i) Kufungwa kwa Soko la Chapakazi. Utawala wa Majoka unafunga soko kwa kisingizio cha uchafu. Hata hivyo, wachuuzi wamekuwa wakilipa kodi, na kusafisha soko ni wajibu wa wanaopokea kodi hiyo. Baadaye inabainika kwamba Majoka anataka kujenga hoteli ya kifahari mahali hapo. Sababu inayotangazwa sio sababu ya kweli.

(ii) Keki ya uhuru. Badala ya riziki yao kurejeshwa, raia wanagawiwa keki ya kusherehekea uhuru. Sudi anaikataa na kuiona kuwa makombo. Boza anaipokea kwa furaha. Mwandishi anaonyesha jinsi zawadi ndogo inavyotumiwa kuziba swali kubwa.

(iii) Kununua msanii. Kenga anamshawishi Sudi kwa ahadi nono ili achonge kinyago cha shujaa wa utawala. Sudi anakataa. Hapa sanaa yenyewe inataka kufanywa chombo cha sifa.

(iv) Kutisha vyombo vya habari. Kituo cha runinga cha Mzalendo kinapoonyesha maandamano, Majoka anataka kifungwe. Asiyetaka kuulizwa huanza kwa kuzima taa.

(v) Kuwaangamiza wapinzani. Jabali, aliyekuwa mpinzani wa Majoka, aliuawa. Tunu anavamiwa na kuumizwa mguu. Ashua, mke wa Sudi, anafungiwa. Swali la raia linajibiwa kwa nguvu.

3. Wanaodai uwajibikaji

Mwanafunzi asome upande huu pia, kwa sababu wengi huishia kwenye maovu ya Majoka tu. Tunu anakusanya watu na kuuliza hadharani kwa nini soko limefungwa. Sudi anakataa kuuza ufundi wake. Umma unasusia sherehe ya Majoka na kukusanyika katika lango la soko. Kingi, mkuu wa polisi, anakataa amri ya kuwapiga raia risasi. Hatimaye Kenga mwenyewe anamwacha bwana wake.

Usimsahau Boza. Yeye hana mamlaka yoyote, lakini kimya chake na kipande chake cha keki vinampa Majoka nguvu. Kupitia kwake twaona kwamba utawala mbaya hujengwa na mtawala pamoja na raia waliokubali kutouliza.

4. Muktadha: kwa nini watawala huogopa fasihi?

Sagamoyo ni jimbo la kubuni, lakini swali lake si la kubuni. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, mshairi kijana wa Mombasa, aliandika makala yenye kichwa Kenya: Twendapi? akikosoa jinsi serikali ilivyowatendea wapinzani. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za msalani. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi.

Mwaka 1981 Alamin Mazrui alichapisha tamthilia ya Kilio cha Haki, inayohusu wafanyakazi wa shamba la mlowezi wanaoongozwa na mwanamke, Lanina, kudai haki zao. Msomaji anayetoka katika nchi ya mashamba makubwa ya chai ataielewa upesi. Mwaka 1982 Mazrui aliwekwa kizuizini. Linganisha Lanina na Tunu uone jinsi wanawake walivyopewa nafasi ya kuongoza mapambano katika tamthilia hizi mbili.

Mambo hayakuishia kwa watu wazima. Mwaka 2013 mchezo wa wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa kuigizwa katika tamasha la kitaifa la drama. Mahakama Kuu iliamuru uigizwe, nao ukaigizwa. Tofauti kati ya 1969 na 2013 ilikuwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, nacho kifungu cha 201 kinadai uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma.

Tanbihi: Muktadha huu ni wa kukusaidia kuelewa. Usiujaze katika jibu la mtihani. Mtahini hutuza hoja zinazotoka ndani ya tamthilia.

5. Namna ya kujibu

Karatasi ya tatu ya Fasihi (102/3) ina alama 80. Unajibu maswali manne, kila moja alama 20. Tuchukue swali hili:

"Viongozi wa Sagamoyo hawawajibiki kwa raia wao." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Kigogo. (alama 20)

Jibu la mwanafunzi wa kwanza:
Majoka ni kiongozi mbaya sana. Anawanyanyasa watu na hawajali. Viongozi wa aina hii wako wengi hata katika nchi yetu.

Jibu la mwanafunzi wa pili:
Utawala wa Majoka hauwajibiki kwa matumizi ya kodi. Wachuuzi wa Soko la Chapakazi hulipa kodi, lakini soko halisafishwi. Uchafu huohuo unatumiwa kama sababu ya kulifunga, ilhali nia ya Majoka ni kujenga hoteli. Raia wanapoteza riziki bila maelezo ya kweli.

Wa kwanza amekasirika. Wa pili amethibitisha. Jibu la pili lina sehemu nne: hoja, tukio, mhusika au mahali, na maana ya tukio hilo kwa swali. Zikamilishe sehemu hizo katika kila hoja. Ukikosa tukio, umeandika lalama.

6. Kutoka ukurasani hadi barazani

Sasa tufikirie. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na raia wana haki ya kutoa maoni. Tuseme kikao cha ushirikishaji wa umma kimeitishwa Sigor. Raia mmoja anasimama na kupaza sauti: "Mmetumaliza! Hamtusaidii!" Watu wanapiga makofi, afisa anaandika kwamba wananchi wamelalamika, kikao kinafungwa. Wa pili anasimama na karatasi mkononi: "Bajeti ya mwaka jana ilitenga pesa za darasa la chekechea kijijini kwetu. Pesa zilizotengwa ni hizi hapa. Mahali pa darasa pana nyasi. Naomba mtuambie pesa zilikwenda wapi." Huyo lazima ajibiwe, au kimya cha afisa kionekane na wote.

Je, huyu wa pili si yule mwanafunzi wa alama nyingi? Ana hoja, ana tukio, ana mahali, na ameeleza maana yake. Na akinyimwa habari, anaweza kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

Huenda utatimiza miaka 18 mwaka huu au ujao. Utachukua kitambulisho na utapiga kura. Huenda karo yako au ya ndugu yako inategemea basari ya wadi, na jina lenu liko, au haliko, katika orodha ambayo hamjawahi kuiona. Aliyefundishwa kukariri hoja kumi za Majoka bila kuuliza "ushahidi uko wapi?" ataipokea orodha hiyo kama Boza alivyoipokea keki. Aliyefundishwa kuthibitisha ataomba kuiona, kwa heshima, na hatatoka hapo mpaka ajue ilivyotengenezwa.

Kwa hiyo, unapoisoma Kigogo, pigia mstari matukio yote ambayo mtu ameuliza swali, na uandike pembeni alijibiwa nini. Orodha hiyo fupi itakufaa katika chumba cha mtihani, na itakufaa hata baadaye.

Zoezi

1. Eleza jinsi Tunu na Kingi wanavyodhihirisha uwajibikaji kwa njia tofauti. (alama 10)
2. "Raia wa Sagamoyo wanachangia masaibu yao wenyewe." Jadili. (alama 20)
3. Jadili nafasi ya msanii katika jamii kwa kumrejelea Sudi. (alama 10)
4. Kazi ya vikundi: Chagueni mradi mmoja wa umma karibu na shule yenu. Andikeni maswali matatu kuuhusu, kila swali likiwa na jambo mliloliona kwa macho. Yasomeni darasani, na wenzenu waseme ni lipi lina ushahidi na ni lipi ni lalama.